Kitovu cha Bati

Katika maabara ya kiwanda kimoja cha vipuri vya magari, mjini Ramos Arizpe, bati lisilo na kitovu lilikuwa halijapimwa. Jambo hilo lilijulikana kuanzia langoni hadi jikoni, na hakuna aliyeona haja ya kulibandika ukutani.

Kitovu chenyewe kilipatikana hivi. Unachukua kishikizo cha mpira wa breki, kipande cha bati kinachoenea kiganjani, kilichogongwa na mashine kikapata umbo la kiti kisicho na miguu. Unakilaza juu ya fuawe ndogo ya mashine ya kupimia ugumu, unazungusha gurudumu mpaka gololi ya chuma iguse bati, kisha unauachia uzito wa kilo mia. Gololi inazama, mshale unakimbia, unatulia, nawe unasoma namba. Gololi ikizama sana, bati ni laini. Ikizama kidogo, bati ni gumu. Ukikigeuza kishikizo unaona upande wa pili kiduara kinachong'aa, kimetokeza kiasi cha kuhisiwa na kidole, kama kitovu cha mtoto aliyelia sana. Hapo kazi imekwisha.

Vishikizo vitano vya kila kreti vilipimwa hivyo, vikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, vikawekwa juu kabisa, vitovu vikitazama mbinguni. Kule kwa mteja, mpokeaji alipitisha gumba lake juu ya vitovu, kimoja, viwili, mpaka vitano, akagonga muhuri.

Aliyeanzisha desturi hii ni mkuu wa maabara, Injinia Baudelio Rangel. Kwa miaka kumi na moja namba yake ilikuwa sitini na moja. Siku nyingine sitini na mbili. Mteja alitaka chochote kati ya hamsini na tano na sabini, na maabara nyingine zilihangaika, leo hamsini na nane, kesho sitini na tisa, zikaulizwa maswali. Baudelio hakuwahi kuulizwa swali. Watu walipotaka kujua siri yake, aliwaonyesha mkono wa kulia.

"Mtulivu," alisema.

Chini yake alikuwepo Nereida Cepeda, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, mtoto mmoja, na miezi mitatu kasoro siku nne ya kazi katika maabara hiyo. Mkataba wake wa majaribio ulikuwa uishe Ijumaa. Ijumaa Injinia angetia saini karatasi ya kumpa ajira ya kudumu, au asingetia. Asipotia, Nereida angepoteza bima. Na kituo cha kulelea watoto alikoshinda binti yake Romina kilikuwa cha watoto wa wenye bima. Hapo Ramos hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Baba yake Romina alikuwa Monterrey, na habari zake ziliishia hapo. Aliyebaki ni mama yake Nereida, kule Matehuala, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa basi. Mama alikuwa ameshatandika kitanda cha mjukuu. Alisema kwenye simu kwamba amekitandika tu, hana maana yoyote.

Jumanne asubuhi doña Eduviges, kama wote walivyomwita kwa heshima, mwendeshaji wa mashine namba nne ya kugonga bati, aliingia maabara bila kubisha, vizibo vya masikio vikining'inia shingoni. Alimpa Nereida kishikizo kilichotoka kugongwa.

"Mwanangu, hebu kikunje."

Nereida alikikunja. Kikakunjika.

"Kimekunjika," alisema.

"Nimeona. Mimi nina miaka hamsini na minane na ugonjwa wa viungo, nami nimekikunja kwa mkono wa kushoto huku nikimsikiliza mwenzangu Chayo akinisimulia harusi ya mpwa wake. Roli la bati la jana halikuwa hivi. Hili la leo ni tortilla, chapati kabisa. Tena ya ngano, tena ya moto."

Injinia Baudelio aliinua uso kutoka kwenye daftari lake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu nne mfukoni.

"Doña Edu, hilo gumba lako lilihakikiwa lini mara ya mwisho?"

"Kuhakikiwa na nani?"

"Ndicho ninachokuuliza. Mashine hii huhakikiwa kila Februari. Anakuja mtu na sanduku, anaondoka, tunabaki na cheti. Gumba lako lina cheti?"

"Lina sugu."

"Sugu si cheti. Nereida, mpimie mama yako aende zake kwa amani."

Nereida alikipima kingine kutoka mkono wa doña Eduviges. Mshale ulikimbia, ukatulia. Sitini na moja. Alikigeuza, na kitovu kilikuwa mahali pake.

"Sitini na moja," alisoma.

Doña Eduviges aliitazama ile mashine kwa muda, kama anavyotazamwa mkwe.

"Hii na hiyo namba yake wanapendana," alisema. "Wangefunga tu ndoa tukala." Akarudisha vizibo masikioni akaondoka.

Jioni hiyo Nereida alikuwa darasani. Siku tatu kwa juma, kuanzia saa kumi na moja na nusu, shule moja ya msingi iliwapa watu wazima madarasa yake mawili, na kituo cha watoto kilimruhusu kumchukua Romina saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili. Viti vilikuwa vya watoto wa darasa la tatu, kwa hiyo wanafunzi wote walikaa magoti yakiwa karibu na masikio. Mwalimu wao, Anselmo Ibarra, alikuwa fundi mstaafu wa kalibu za kugongea bati. Alikuwa na vidole vinane na nusu, na somo la usalama alilifundisha kwa kunyoosha mikono tu.

Wiki hiyo aliwataka kila mmoja alete kitu cha kazini kwake aeleze anajuaje kwamba ni kizuri. Mwoka mikate alileta mkate uliochachushwa kwa pulque, pombe ya mkonge, akaugonga upande wa chini, ukalia kama ngoma ndogo, darasa likaula ushahidi. Nereida alikuwa amechagua kishikizo chenye kitovu kizuri kuliko vyote.

"Na hiki?" aliuliza mwalimu, kidole chake kizima kikiwa juu ya kiduara.

"Kitovu, mwalimu. Ndiyo alama kwamba kimepimwa."

Mwalimu Anselmo alivuta kiti kidogo akakaa, naye magoti yakampanda.

"Bati hili lina unene gani?"

"Sifuri nukta saba ya milimita."

"Na uzito mnaoweka?"

"Kilo mia."

"Sasa niambie. Ukikalia godoro jembamba, ukasikia baridi ya sakafu makalioni, utasema godoro ni gumu?"

Nereida alifikiri. "Nitasema nimekalia sakafu."

"Basi."

Mwoka mikate, ambaye bado alikuwa akitafuna, ndiye aliyeelewa kwanza. "Kwa hiyo miezi mitatu yote dada yetu amekuwa akipima meza?"

"Fuawe," mwalimu alimsahihisha. "Na kwa namba hizo, inaonekana ni fuawe nzuri sana." Alimrudishia Nereida kishikizo kwa upole. "Alama ikitokea upande wa pili, binti, namba hiyo hutupwa. Bati jembamba hupimwa kwa uzito mdogo, kilo kumi na tano. Kama mashine yenu ni ile ninayoifikiria, hivyo vizito vidogo vilikuja nayo. Vitakuwa kwenye boksi. Watu huwa hawafungui boksi."

Asubuhi ya Jumatano, kabla ya kumvisha Romina, Nereida alimfunga kitambaa tumboni. Romina alikuwa na mwaka mmoja na nusu na kitovu kilichotokeza, na bibi yake alikuwa ameagiza kiwekewe harage lililofungwa kwenye pamba, likazwe kila siku mpaka kirudi ndani. Daktari alisema harage halifanyi kitu. Bibi alisema daktari hajawahi kuzaa. Nereida, asiyetaka ugomvi na upande wowote, alifunga harage na kuhudhuria kliniki.

"Tulia, malkia wangu. Tulia mama akufunge."

Romina alitulia. Alilipiga tumbo lake kwa kiganja, akacheka kwa mlio lililotoa.

Mlangoni mwa kituo Fabiola, mlezi wa zamu, alimpima mtoto joto, akamtazama kucha, akamtazama masikio.

"Mama Romina, Ijumaa usisahau karatasi ya ajira kwa ajili ya bima. Ile mpya."

"Sitasahau."

Romina aliingia kwa miguu yake mwenyewe, bila kugeuka. Ilikuwa wiki ya tatu haagi kwa kilio, jambo lililomfurahisha Nereida na kumuuma kwa kipimo kilekile.

Kwenye basi la kiwanda alipiga hesabu zake. Akinyamaza leo na kesho, Ijumaa anatiliwa saini, na Jumatatu anaweza kulisema jambo hili kwa sauti ndogo, akiwa mtu wa kudumu. Ilikuwa hesabu safi. Ubaya wake ni kwamba kreti za lile roli la tortilla zilikuwa zinaondoka leo saa kumi. Kishikizo kile kazi yake ni moja tu, kuuzuia mpira wa breki usisuguane na gurudumu ukapasuka. Na kwenye kiti cha nyuma cha gari, mara nyingi, hufungwa mtoto. Nereida aliirudia hesabu yake mara mbili, na mara zote mbili mtoto yule alikuwa amekaa palepale.

Lakini angemwambiaje mtu ambaye mkono wake umekuwa mtulivu kwa miaka kumi na moja?

Jibu lilikuja saa saba na nusu, ndani ya kopo. Injinia Baudelio alikula mezani kwake kila siku: burrito mbili, yaani tortilla zilizokunjwa na maharage ndani, na kopo dogo la pilipili za siki. Alitia kidole kwenye pete ya kopo, akavuta, kifuniko kikatoka chote.

"Injinia," alisema Nereida, "naomba hicho kifuniko."

"Una kazi nacho?"

"Ya kukipima."

Baudelio aliacha kutafuna. Hakuwa na kanuni dhidi ya jambo hilo, maana hakuna aliyewahi kuliwaza. "Kifute siki," alisema.

Nereida alikifuta siki, akakilaza juu ya fuawe sehemu yake iliyo bapa, akaachia kilo mia. Mshale ulikimbia, ukatulia.

"Sitini na sita," alisoma. "Kimepita."

"Rudia."

"Sitini na tano. Kimepita tena."

Injinia Baudelio alifuta mikono, akaja mwenyewe, akazungusha gurudumu kwa ule utulivu wake. Sitini na sita. Alikitoa kifuniko, akakigeuza. Katikati ya picha ya pilipili inayotabasamu kulikuwa na vitovu vitatu.

"Hizi kampuni za pilipili," alisema, "siku hizi wanatumia bati gumu."

"Injinia, umekifungua kwa kidole kimoja."

Alikubali kwamba alikifungua kwa kidole kimoja. Nereida akamweleza ya godoro na sakafu, polepole, akimwangalia kalamu zake badala ya macho, kisha akamwuliza kama mashine ilikuja na boksi. Baudelio alisema haikuja na boksi lolote. Wote wawili wakatazama chini ya meza, mahali ambapo feni ilikuwa imesimama miaka yote juu ya sanduku la mbao.

Waliishusha feni. Ndani ya sanduku vizito vidogo vilikuwa bado vimefungwa kwenye karatasi ya nta, vikinukia mafuta kama vilivyotoka kiwandani, pamoja na jedwali la kulinganisha namba lililosema kwamba kwa kilo kumi na tano, kilichotakiwa na mteja kinasomeka kati ya sabini na nane na themanini na tatu. Nereida alibadilisha vizito. Injinia alishika jedwali, kwa kuwa mtu lazima ashike kitu.

Walianza na sampuli za kabatini. Ya Machi ilisoma themanini. Ya mwaka juzi, themanini na moja. Ya mwaka ambao Injinia bado alikuwa na nywele, sabini na tisa. Nereida alizigeuza moja moja, na kando ya vitovu vya zamani, nyuma ya alama mpya, palikuwa bapa, hapana kitu.

"Kwa hiyo miaka kumi na moja yote mabati yalikuwa sawa," alisema Baudelio, na pumzi ikamtoka.

"Yalikuwa sawa, Injinia. Ila hatukuwa tumeyapima."

Kisha alipima cha lile roli la Jumanne. Sabini na moja. Kingine, sabini. Kingine, sabini na moja. Gumba la doña Eduviges lilikuwa limehakikiwa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi. Nje foklifti ilikuwa ikipandisha kreti kwenye lori.

Kusimamisha mzigo kulihitaji kadi nyekundu. Baudelio aliitoa kwenye droo, akaiweka mezani, akachomoa kalamu ya kwanza, akairudisha, akachomoa ya pili. Kadi nyekundu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Mwenye jina hilo huitwa ghorofani, husimama mbele ya meneja, hueleza. Ikiwa kadi hiyo inasema kwamba maabara imekuwa ikipima fuawe tangu lini, mwenye jina huulizwa tangu lini.

"Nani hasa aliyeligundua hili?" aliuliza.

"Doña Eduviges."

"Doña Eduviges si wa maabara."

"Basi mimi."

"Basi wewe," alisema Baudelio, na uso wake ukapata rangi. Alimsogezea kadi. Halafu akaivuta tena, taratibu. "Wewe ni wa majaribio. Kadi yenye saini ya mtu wa majaribio haipokelewi. Kanuni ya nne. Niliiandika mimi."

Feni, sasa ikiwa sakafuni, iliwapulizia vifundo vya miguu.

"Ijumaa siyo mbali," alisema Baudelio.

"Lori linaondoka saa kumi."

Aliitazama kadi, akamtazama Nereida, akaitazama tena kadi, kama mtu anayepima kitu kwa vizito viwili tofauti. Kisha alifungua droo ya chini, akatoa karatasi ya ajira ya kudumu, akaandika jina, *Nereida Cepeda Alanís*, akaandika tarehe ya leo, akatia saini. Mkono ulikuwa mtulivu.

"Hongera," alisema. "Sasa andika hapa."

Nereida alielewa anapewa nini na kwa nini anapewa. Hakuona sababu ya kukikataa. Ila mwalimu Anselmo aliwafundisha wasitie saini kitu wasichokisoma, kwa hiyo aliisoma ile karatasi ya ajira yote, kurasa mbili, na kile kifungu cha likizo alikisoma mara ya pili, huku Injinia akihesabu kreti dirishani kwa sauti ndogo. Aliposaini aliikunja, akaitia ndani ya ovaroli, upande wa moyo. Ndipo akaichukua kadi nyekundu akaandika: *Bati laini. Vipimo vya awali vilikuwa vya fuawe.*

Baudelio aliisoma juu ya bega lake. "Hiyo sentensi ya pili, ni lazima?"

"Ndiyo yenyewe, Injinia."

"Basi iandike kwa herufi ndogo."

Alikuwa ameshaiandika. Alitoka na kadi mpaka kwenye lori, akaibandika kwenye kreti ya mwisho. Dereva alizima injini, akatoa gazeti. Doña Eduviges alizima mashine namba nne, akachomoa kizibo kimoja cha sikio.

"Wamelisimamisha?"

"Nimelisimamisha, doña."

"Na gumba langu? Litaletewa cheti?"

"Nitaliombea Februari."

"Usisahau. Na hili la kushoto pia."

Ghorofani meneja alimwuliza tangu lini, naye akajibu kwamba yeye amekuwepo miezi mitatu, vizito vilikuwa kwenye boksi kwa miaka kumi na moja, na kuanzia leo viko nje. Meneja aliandika kitu. Alimwuliza kama anasoma mahali. Nereida alisema jioni, siku tatu kwa juma. Meneja aliandika na hilo.

Saa kumi na mbili Fabiola alimtoa Romina, nywele zimechanwa, kiatu kimoja mkononi. Lile harage, alisema Fabiola, lilikuwa limedondoka wakati wa kulala mchana, na mtoto mwingine alikuwa karibu kulila. Kitovu kilikuwa bado nje. Romina aliinua gauni akamwonyesha mama yake, na Nereida akakibusu palepale mlangoni, mbele ya wazazi wengine, ndipo akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Ni Jumatano," alisema Fabiola. "Nilisema Ijumaa."

"Najua."

Usiku haukuwa umeingia bado alipompigia mama yake. Alimweleza habari ya saini.

"Basi kitanda nitakitandua," alisema mama.

"Kiache, mama. Desemba tunakuja. Tutalala wote wawili humo."

"Hakitawatosha."

"Tutajibana."

Jumatatu iliyofuata simu ya maabara ililia. Injinia Baudelio, ambaye tangu Jumatano hakupenda simu, alimwachia Nereida. Aliyepiga alikuwa mpokeaji wa kule kwa mteja, yule mwenye gumba, naye alikuwa amekasirika kwa adabu.

"Dada, hizi kreti zenu za roli jipya ninazirudisha. Vile vitano vya juu havijapimwa."

"Vimepimwa, kaka."

"Havina kitovu. Nimevipapasa vyote."

"Ndiyo maana nasema vimepimwa."

Kule upande wa pili alisikika akivigeuza vishikizo, kimoja baada ya kingine, mezani.

"Miaka yote vilikuwa na kitovu," alisema.

"Kimerudi ndani. Vuta kiti, nikueleze. Una godoro nyumbani?"

"Ninalo. Subiri kwanza, lazima niandike ninaongea na nani. Jina?"

"Nereida Cepeda, maabara."

"Wa majaribio au wa kudumu?"

"Wa kudumu," alisema Nereida. "Tangu Jumatano, saa tisa na dakika tano."